Ukoo wa Galbreti, Tawi la Maji ya Chai

Jumatatu, 7 Juni 1937
Baridi. Ukungu mpaka kizingitini. Nimekataliwa tena! Baba mdogo Kisioki kasema hatakwenda kwa Mzee Sumari kunichumbia Marta, si mwaka huu wala mwakani. Bado ana kinyongo cha mzinga niliompelekea zawadi siku ya ubatizo wa mjukuu wake. Nyuki walitoka. Mchungaji akaumwa. Kwani ni mimi niliyewatuma? Wazee wengine wa ukoo wanamsikiliza yeye tu. Na bila mzee wa kubeba pombe ya mbege na kunisemea, Mzee Sumari hafungui hata mlango. Ndesanjo, yule dereva wa lori kutoka Machame anayemtaka Marta pia, anao wazee tele, na wote wana makoti.

Marta kanipa ndizi ya kuchoma, kaniambia nile kabla haijapoa. Nampenda. Basi.

Jumatano, 9 Juni
Nimepata! Bwana Galbreti, mwenye shamba la kahawa ninakopima magunia. Mskoti, mvi mpaka masikioni. Hana mke, hana mtoto, na mbwa wake alikufa wakati wa Pasaka. Akiwa mzee wa ukoo wangu, nani atamfungia mlango? Nikamwuliza jina lake lilitoka wapi. Kazi ikasimama mpaka jioni.

Kwa lugha ya wazee wake, jina hilo ni kama kusema mgeni. Majirani ndio waliowapa. Walikaa kando ya ziwa kubwa, wakanyang'anywa ngome yao, wakatawanyika. Wengine wakaenda kisiwani, wengine Ayalandi. Babu yake alipanda meli kwenda Afrika Kusini. Yeye kaja hapa baada ya vita, kwa gari la ng'ombe. Nilitaka kuuliza alipofika hapa ni nani aliyehama. Sikuuliza. Shamba lake lilikuwa malisho ya babu yangu, lakini posa kwanza.

Ijumaa, 11 Juni
Leo nimempiga hila ya pili. Nikasema hata sisi wazee wetu walitoka mbali, Usambara, wakiitwa wageni kila walipolala. Nikasema huenda tulikuwa ukoo mmoja tukaachana njiani, wao wakashika kushoto, sisi kulia. Bwana akatoa kiko mdomoni. Kisha akafuta macho kwa mkono wa sweta.

Machozi sikuyatarajia. Usiku sikula vizuri.

Jumapili, 13 Juni
Ushindi! Baada ya ibada Bwana kaita wafanyakazi wote, kachinja kondoo, kasema mbele yao kwamba mimi Eliamini ni mwanawe. Kanikatia kipande cha kitambaa chao cha sufu, miraba ya kijani na buluu. Ndesanjo alikuwa anatazama huku amekumbatia usukani. Uso kama aliyemeza kwinini!

Bwana aliushika mkono wangu muda mrefu. Kaniuliza kama kwangu kuna baridi, kanipa blanketi lake.

Jumanne, 15 Juni
Balaa.

Tulikwenda kwa Mzee Sumari, mimi na kibuyu cha mbege, Bwana na ile sketi yao ya wanaume. Magoti yale! Akina mama wakakimbilia migombani kucheka. Mzee Sumari akamkumbatia Bwana, akasema karibu ndugu yangu, akafungua sanduku. Akatoa kitambaa. Miraba ya kijani na buluu!

Kumbe mwaka Bwana alipougua homa, mimi nikiwa bado nachunga mbuzi, Mzee Sumari ndiye aliyemwuguza, wakachinja kondoo wakawa ndugu. Mwana wa Bwana basi ni mwana wa Sumari. Mzee kaniita mwanangu, kanibariki. Na Marta ni dada yangu! Bwana, kwa furaha, akasema hakuna shida, kwao Galbreti humwoa Galbreti. Mzee Sumari akaweka kibuyu chini polepole.

Marta kanimiminia mbege akaniita kaka. Macho yake yalikuwa mekundu.

Alhamisi, 17 Juni
Ndesanjo kaja na sukari. Kaniita shemeji! Anataka nimsemee kwa dada yangu. Nimepokea sukari, nikamwambia ukoo wetu wa Galbreti hauozi binti zake kwa watu wenye breki mbovu.

Mchana Marta kaja kwenye mizani. Kasema anayempenda ni mimi, Mungu amsamehe, na atanisubiri mpaka kahawa iishe kuchumwa, si zaidi. Kanitaka nikamwambie Bwana ukweli, nirudishe kitambaa. Nikasema mzee atavunjika moyo. Kaniuliza, na wangu?

Jumamosi, 19 Juni
Nimekwenda. Nimesema yote, hata ile ya kushoto na kulia. Bwana akasikiliza mpaka mwisho. Akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba ninamdanganya. Lakini miaka mingi hakuna aliyemwuliza habari za jina lile kisha akakaa mpaka jioni. Akasema hata kwao, nusu ya akina Galbreti hawakuwa damu. Walikuja kutafuta pa kujikinga, wakapewa jina, na wengine waliliacha walipoona shida. Hakuna aliyewachukia.

Akakikunja kitambaa, mara nne, taratibu sana. Akasema mkwe naye hula mezani. Kisha akauliza kama Jumatano nitakuja bado, maana hajanieleza vizuri meli ya babu yake. Nikasema nitakuja. Nililia njia nzima kama mtoto, wala sioni haya kuandika.

Jumapili, 20 Juni
Kondoo mwingine kachinjwa, undugu wangu na Bwana umefunguliwa. Marta si dada yangu! Sasa ana baba wawili, Mzee Sumari na Bwana, wameketi barazani pamoja wakisubiri mbege yangu. Kinachokosekana ni mzee wa kunisemea tu.

Marta kasema niende kwa baba mdogo, nipige magoti, niombe radhi ya wale nyuki. Ni kuvuka kijito tu. Mpenzi wangu ana moyo mzuri lakini haoni mbali. Olmotonyi kuna bwana misitu mpya, Mskoti pia, jina lingine kabisa, hana mtoto. Nasikia watu wake walitoka kisiwani. Wetu nao, ukifikiri vizuri, lazima walivuka maji mahali fulani.

Naondoka alfajiri. Mtu haendi ugenini mikono mitupu, kwa hiyo nampelekea mzinga. Safari hii nimeuziba mwenyewe.