Pamba na Ufunguo wa Maktaba

Jumatatu, 8 Julai 1996

Mwalimu Rispah ametangaza: wiki ijayo atachagua mwanafunzi wa kukaa na ufunguo wa maktaba ya shule. Ufunguo! Nimeutamani tangu kidato cha kwanza. Sijamwambia mtu. Sidhani hata Mwalimu analijua jina langu.

Mpinzani wangu ni Nicanor, anayekaa dawati la mbele. Leo kamletea Mwalimu mahamri ya mama yake. Manane! Mwalimu kala mawili mbele yetu sote.

Mimi sina mahamri. Nina akili.

Jumanne, 9 Julai

Bahati! Mwalimu kaingia darasani sketi imejaa manyoya. Kumbe mbwa wake, Pamba, mweupe wa manyoya marefu, amesokotana mwili mzima, na yule fundi wa Nyali anayeosha na kukata mbwa manyoya hana nafasi mpaka Agosti.

Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema mimi ni fundi. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu. Akauliza nimejifunza wapi. Nikasema kwa mjomba. (Mjomba ni fundi kweli. Wa makochi.) Akaniambia nifike kwake Tudor Jumamosi saa tatu.

Nicanor akaninong'oneza: "We kinyozi wa mbwa! Ukimaliza uje uninyoe na mimi." Wakacheka. Waache.

Jumatano, 10 Julai

Nimeazima kitabu cha kutunza mbwa. Kazi ina elimu! Mbwa huchanwa kabla ya kutiwa maji, maana fundo likilowa hukaza. Masikio huzibwa kwa pamba. Kucha zina mshipa ndani. Ukiukata, ni damu. Sabuni ya watu humwasha.

Nikafanya mazoezi kwa mbuzi wa Mama Mbodze, jirani yetu hapa Majengo. Kuchana, vizuri. Kucha, teke la goti. Nilipoinama kujisugua, mbuzi akala ukurasa wa sabuni zinazofaa. Mama Mbodze akauliza kama siku hizi shuleni tunafundishwa ususi wa mbuzi.

Alhamisi, 11 Julai

Bila ukurasa ule, sabuni gani? Nikakumbuka unga wa mkunazi, ambao wanawake huoshea nywele zikawa laini. Nikaenda Kibokoni, dukani kwa Bi Firoza anayeuza manukato na dawa za nywele. Mafua yamenibana, hata marashi sikuyasikia.

Hapo pana shida. Bi Firoza ni mtu wa kuswali, na mbwa ni najisi. Ningeanzaje? Nikavitazama viatu vyangu, nikaomba unga wa kuoshea nywele. Akashika pakiti, akauliza ni wa nani. Nikasema chini chini: "Wa Pamba."

"Wa kupamba?"

Nikaitikia kwa kichwa tu. Uso wake ukachangamka! Akairudisha ile pakiti, akachota unga mwingine, wa kijani vilevile, laini zaidi. Akauliza ni lini. Nikasema Jumamosi. "Mashallah! Apakwe mikono na miguu, mwanangu, akae mpaka ikauke. Mkitaka ishike, tieni ndimu." Akanipa na kichupa cha marashi, zawadi. Sijapata kuona mwenye duka anayejali mbwa namna hii.

Jumamosi, 13 Julai

Mwalimu alinikabidhi Pamba, akaenda mkutano wa kina mama kanisani. Nikachana saa nzima, fundo moja moja. Kucha zote, wala tone la damu! Pamba masikioni mwa Pamba. Kisha unga na ndimu. Mikono na miguu kama nilivyoelekezwa; kwa mbwa ni minne. Halafu nikaona si haki mgongo ukose. Nikampaka wote, nikamfunga leso ya mama asijirambe. Yeye akalala. Mimi nikasoma.

Saa saba nikamsuuza. Maji yalitoka kama chai ya rangi. Nikadhani ni uchafu. Nikasuuza tena. Na tena.

Pamba ni mwekundu! Rangi ya ndevu za wazee wa barazani Kibokoni. Miguu, nilikoanzia, imeiva zaidi. Hapo ndipo nilipolielewa neno la Bi Firoza. Kupamba! Nimempaka mbwa dume hina ya bibi arusi.

Mwalimu akaingia. Akauliza mbwa wake yuko wapi. Nikasema ni huyu. Pamba akatikisa mkia.

Mwalimu alikaa kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi. Alipopata pumzi akasema: "Fundi wa kweli, Karisa, humwuliza mwenye mbwa kwanza, hujaribu dawa mahali padogo, tena hulijua jina la anachopaka." Nikauliza rangi itatoka lini. Akasema manyoya yakiota mengine.

Lakini kasema Karisa! Analijua jina langu!

Jumatatu, 15 Julai

Nicanor alishapata habari. Asubuhi alijitanda sweta kichwani, akatembea mbele ya darasa kwa madaha ya bibi arusi, huku anabweka. Hakumwona Mwalimu mlangoni. Basi, Nicanor amekwisha. Nilifurahi kwa dakika mbili hivi.

Ufunguo kapewa Kache, msichana mkimya wa kidato cha pili. Kumbe tangu Januari amekuwa akipanga vitabu rafuni kila mchana bila kuambiwa na mtu. Bila hila yoyote! Mwalimu akanitazama, akasema anatumaini sote tumepata funzo.

Nimelipata. Kosa lilikuwa rangi ya mnyama. Weupe haufichi kitu.

Wakati wa mapumziko nilimwendea Kache. Nikamwuliza kama kwao wanafuga chochote. Akasema wana kasuku, mabawa yamejaa vumbi.

Kasuku ni kijivu. Kijivu kitastahimili.