Waraka wa Salamu Namba 14

Kwa heshima na taadhima, ofisi yetu hapa Goma inautangazia umma kwamba tatizo la salamu limepatiwa ufumbuzi.

Mimi Barthélemy, mkurugenzi, ndiye niliyeligundua. Kila anayeingia asubuhi hupita meza kwa meza, anashika mkono wa kila mtu, anauliza hali ya mke, watoto, hata ng'ombe waliobaki malishoni huko Masisi. Tuko watu thelathini na wawili. Tukimaliza, ni saa ya kula.

Nikatoa Waraka Namba 14. Salamu inashuka tu: mkubwa wa cheo humsalimia mdogo wake mara moja, mdogo haanzi. Katibu huandika daftarini jina la aliyesalimiwa, na hayo ndiyo mahudhurio. Asiyeandikwa siku kumi na tano mfululizo amejifuta kazi mwenyewe.

Ofisi ikatulia. Aliyenisumbua ni Mama Léocadie wa usafi, mjane wa mtaa wa Mapendo mwenye watoto watano.

"Papa Barthélemy, jambo. Muliamuka muzuri?"

"Mama, hii ni mara ya pili. Ya tatu, unarudi nyumbani."

"Na batoto batakula nini? Basi, papa, nanyamaza."

Akanyamaza kweli. Nilijipongeza sana.

Baada ya wiki tatu akaja mkaguzi, Mama Mukamugema, mtu asiyecheka ovyo. Nikampa daftari kwa mikono miwili, akalisoma lote.

"Huyu Barthélemy alipotelea wapi? Siku kumi na sita hakuna mutu alimusalimia."

"Ni mimi, mama. Niko hapa mbele yenu."

"Hii registre inasema hauko. Nani anakusalimiaka?"

Nikafikiri. Juu yangu, katika jengo lile, hakukuwa na mtu. Niliogopa, nakiri.

"Mama Léocadie," nikasema, "si ulikuwa unanisalimiaka?"

"Ile ya zamani, papa. Mulinikataza."

Mkaguzi akauliza sahihi iliyo chini ya waraka ni ya nani. Ilikuwa yangu, ndefu, yenye mkia.

Nikafutwa kazi, kisha nikarudishwa kwa huruma, msaidizi wa usafi, chini ya Mama Léocadie. Waraka haujafutwa. Kila asubuhi nasimama mlangoni na ufagio wangu, nimenyooka. Leo ni siku ya kumi na tano sijaandikwa. Mama Léocadie amepita mara mbili akikagua madirisha. Ningependa kumwuliza watoto waliamkaje, lakini mdogo haanzi.