Kitendea Kazi cha Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Simu imempigia padri tena. Yenyewe! Ilikuwa mezani, mimi nanyoa ndevu uani. Padri kasikiliza dakika nzima nikimtukana jogoo wa jirani. Kamtumia Marietha, mke wangu, salamu za kumpa pole. Yeye, sio mimi.

Ubaya uko kwenye kioo. Cha mwanzo kilipopasuka niliweka cha bei chee. Fundi alinionya, nikamwona mtu wa tamaa. Sasa kioo kinajibonyeza chenyewe. Betri nayo imevimba, mfuniko nimeubana kwa rababendi.

Lakini ni simu yangu. Miaka saba! Kamati nne za harusi nimeziongoza humo humo. Hii ya tano ndiyo kubwa: Noela, binti wa marehemu kaka yangu Petro. Tumemlea mimi na Marietha tangu ana miaka tisa. Sendofu ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na mimi ndiye nitakayesimama mbele za watu kumkabidhi kwa wakwe. Noela amesema mwenyewe. Hotuba imo ndani ya simu. Nilianza kuiandika siku alipomaliza kidato cha sita.

Kikwazo ni Albano, mjomba wake, mtu wa Mbezi Beach. Anapita akisema kwetu kusini mtoto ni wa mjomba. Mtoto alipougua surua mjomba alikuwa wapi? Mbezi Beach.

Leo kwenye kikao katoa simu mpya, kailaza kifudifudi mezani ili kamera tatu zitutazame. Watu wakamsogelea. Yangu ikalia yenyewe, wakacheka.

Nimeamua. Nabadilisha simu. Ila kununua, hapana! Miaka thelathini nilikuwa karani wa bohari na sikuwahi kujinunulia hata kalamu. Mwenyekiti hupewa kitendea kazi. Kamati itanipa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda Mbagala kuchagua. Huwezi kuomba usichokijua.

Dada wa dukani anaitwa Raudha. Nikaomba simu ambayo betri inatoka. Akaniangalia kwa huruma, akasema mzee wangu, hizo zilishaisha. Nikaomba yenye kitufe cha kubonyeza. Nazo zilishaisha. Nikauliza redio isiyokula bando. Akamwita mwenzake aje anisikilize.

Kuna moja inakunjika. Nimeikunja na kuikunjua mara nane, Raudha akaniondolea mkononi taratibu. Nyingine inafunguka kwa kuona sura. Tukaifundisha sura yangu, ikafunguka. Nikavua kofia, ikanikataa! Simu isiyonijua nikiwa na upara siitaki.

Mwisho nikaipata. Herufi kubwa, redio imo, sauti ya kuamsha mtaa. Kasoro yake ni nyeusi. Mimi napenda kijani cha chupa. Hata Noela anajua, aliniuliza mwezi uliopita rangi ninayoipenda. Nikajua ni ya sare za harusi, nikamjibu vizuri na sababu zake. Sare zikatoka zambarau! Sasa nilikuwa naulizwa ya nini?

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao. Nimesubiri hadi ajenda ya mengineyo, nikalileta suala la kitendea kazi. Nimeongea kwa ufasaha. Nimesema kamati inayoongozwa kwa simu mbovu ni kamati mbovu.

Elinaza, mweka hazina wetu, kauliza kama simu imekufa au imezeeka tu. Mwanamke huyu angekuwa mkaguzi wa bohari ningestaafu mapema. Albano akasema shemeji asihangaike, atampa ile yake ya zamani. Ya zamani! Mbele za watu! Nikashukuru, nikakataa.

Elinaza akafunga mjadala: nilete maandishi ya fundi kwamba simu haifai tena, kamati itafikiria.

Noela muda wote alikuwa anaangalia sakafu. Tulipotoka kanivuta pembeni, kaniomba nivumilie kidogo tu, sendofu ipite. Nikamwambia kiongozi havumilii. Mtoto hajui mambo ya uongozi.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwa fundi Sadallah, hapa hapa Chamazi. Ni yule yule aliyenionya. Kaifungua simu, kaipuliza, kasema nikiweka betri mpya na kioo halisi itanifikisha miaka mingine mitano. Nikamwambia sijaja kutibiwa, nimekuja kuchukua cheti cha kifo. Aandike imekufa, agonge mhuri.

Akakataa. Kasema hawezi kuandika imekufa wakati inawaka mbele ya macho yake, tena siku ya Ijumaa.

Nikaanza kumbembeleza. Nikamweleza kwamba kamati yangu ni watu wasiojua simu wala redio. Kwamba Elinaza ni mbahili hadi wa salamu. Kwamba Albano hajamnunulia yule mtoto hata ndala. Na nikasema, kwa sauti maana pembeni walikuwa wanachomelea mageti, kwamba huyo Noela mwenyewe atameza lolote nitakalomwambia. Nimemlisha miaka kumi na saba, simu moja tu itamshinda?

Sadallah alikuwa ananionyesha benchi kwa kidole.

Simu ilikuwa pale, kioo kinawaka, namba za sekunde zinakimbia. Ilikuwa inanirekodi! Nikairukia. Kabla sijaifikia ikajibonyeza, ikatuma. Ujumbe wa sauti, dakika nne, grupu la kamati. Nikabonyeza pa kufuta. Kioo ambacho wiki nzima kimepokea amri za upepo, kikakataa kidole changu. Sadallah naye akajaribu, akafuta kioo kwa kanzu yake, wapi.

Watu arobaini wamesikiliza. Wa kwanza kujibu ni padri. Kaweka ile mikono miwili inayosali.

Jumapili, 10 Agosti

Kamati imekaa bila mimi. Elinaza ndiye aliyepiga simu kunipa taarifa. Kaanza na shikamoo, kaulizia afya, ndipo akanivua uenyekiti. Kapewa Albano. Nimeondolewa kwenye grupu ambalo niliunda mimi, jina nikalitunga mimi, picha ya maua nikaiweka mimi!

Alasiri kaja Noela. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hakugomba. Marietha kamletea chai, akanywa. Kisha akasema kwa sauti ya chini: Baba mdogo, sikujua kama ulikuwa unahesabu.

Nikamwambia kioo ni feki, Sadallah ni shahidi. Noela kasema atakayemkabidhi ni mjomba. Kisha akaosha kikombe chake, akakirudisha mahali pake kabatini kama alivyozoea tangu mdogo, akaaga.

Imeniuma. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia. Marietha ananiwekea chakula mezani na kwenda kulia chake uani.

Nimemtafuta mkosaji. Ni Elinaza. Asingedai maandishi, nisingekwenda kwa fundi.

Jumamosi, 16 Agosti

Sendofu imepita. Nimewahi kurudi.

Wameniweka meza ya tisa, chini ya spika, pamoja na dereva wa gari la keki. Marietha alikuwa meza ya familia. Nilivaa zambarau kama wengine. Hainipendezi.

Albano kamkabidhi mtoto. Kasimama kifua mbele, kasema Noela utotoni alipenda sana ubuyu. Uongo! Ubuyu ulikuwa unamtapisha! Alikuwa anapenda embe bichi na chumvi, na pilipili hakutaka, alisema inamwamsha ulimi. Hilo limo kwenye hotuba yangu, aya ya tatu. Nikaitoa simu niisome mwenyewe pale pale mezani, kimoyomoyo. Nilipofika aya ya pili, simu ikazima. Nikaiwasha, haikuwaka. Nikaibana betri kwa vidole viwili, haikuwaka. Imekufa kweli, na hakuna aliyeniomba maandishi.

Ukafika wakati wa bibi harusi kuwashukuru waliomlea. Marietha kapewa vitenge. Albano kapewa shati. Kisha mshereheshaji akataja jina langu. Kalitaja mara mbili, kwa kuwa chini ya spika mtu hasikii anachoitwa.

Nikaenda. Noela kapiga magoti, kanipa kiboksi kwa mikono miwili. Kasema asante kwa kunilea, Baba mdogo. Basi. Alikuwa anaangalia viatu vyangu. Nilitaka kumwambia habari ya embe, lakini muziki ulishaanza.

Machozi yalinitoka. Nilimwambia dereva wa keki ni feni.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekifungua kiboksi baada ya misa. Simu! Mpya! Herufi kubwa, redio imo. Rangi ni kijani cha chupa.

Chini ya simu kulikuwa na risiti. Nimeisoma mara tatu, nikavaa miwani nikaisoma ya nne. Imeandikwa 12 Julai. Mimi mpango wangu nimeuanza Agosti. Mtu anawezaje kununua kitu ambacho hajaombwa?

Nimekaa na risiti mkononi muda mrefu. Marietha kaniangalia, akaacha kuchambua mchele, akasubiri. Nafikiri alitegemea niseme kitu.

Nikaelewa. Duka limekosea tarehe. Uzembe! Bohari kwetu mtu alikuwa anafukuzwa kwa kosa kama hilo. Kwa hiyo mpango umefaulu, ingawa wamenichelewesha na kunidhalilisha. Mara nyingine nitatafuta fundi mwelewa, tena mahali pasipo na watu wa kuchomelea mageti.

Marietha kauliza kama nimempigia Noela kumwomba radhi. Nimemjibu nitapiga leo leo, natafuta tu maneno mazuri. Nimeshayapata. Naanza na pole ya shughuli, halafu salamu kwa mkwe, halafu friji letu, ambalo tangu asubuhi linahema vibaya.