Mushipa Mukubwa ya Kambo Abibu

Jumatatu, 12 mwezi wa tano

Niko na miaka makumi munane na mbili. Nimezika feza ya zaïre, majina tatu ya hii province, bibi yangu wa ndoa Amida, na dokta mwenye aliniambiaka sitafika uzee. Masomo iliishia troisième primaire, lakini kuandika ninaandika.

Leo Mounira, mutoto ya mutoto yangu, miye kambo yake, alirudi analia. Anasoma infirmière, kazi ya kuuguza, iko ku stage, mazoezi, mu hospitali ya town. Mbele ya Mama Joséphine, mwenye anasimamia ba-stagiaire, alitafuta mushipa ya mugonjwa atie sérum, maji ya dawa. Akakosa. Akakosa tena. Mukono inatetemeka. Akikosa Jumatano, cote ya stage, maksi yake, imekufa, mwaka anarudia.

Nilicheka. Miye stage nilifanya bila masomo! Hospitali ya camp ya bafanyakazi, zamani. Kapitula nyeupe yenye amidon, wanga ya kukazisha nguo. Harufu ya éther. Sindano za vioo, nazichemusha mu sufuria mpaka zinaimba. Ma-sœur, mutawa mwenye alituongoza, alisema niko na mikono ya dokta. Liévin, tulikuwa naye pale, anasema ma-sœur alisema mikono ya kuosha sufuria. Wivu!

Kosa haiko ya mutoto. Mishipa ya bagonjwa ya leo ni nyembamba, banakula mikate tu. Yangu ni nene kama reli ya Sakania. Nimepata akili: nitalazwa. Atanichoma miye.

Jumanne, 13

Nimeingia! Bwana wa réception aliuliza naumwa nini. Nikajibu kwa sauti, bantu bote basikie: "Niko na mushipa mukubwa kupita yote ya Lubumbashi."

Akaniangalia na huruma. Akauliza tangu lini. Tangu kuzaliwa, nikasema, baba yangu naye alikuwa nayo. Inakusumbua kutembea? Hapana, ninaibeba vizuri. Bakanipatia kitanda palepale. Heshima!

Ku kitanda ya pembeni, nani? Liévin. Nikamuuliza, iko hapa juu ya nini? Mushipa, akasema. Nikamwambia yake haifike yangu. Tulibishana mpaka infirmière akatunyamazisha.

Magaribi bakaninyima bukari, ugali yangu. Halafu akaja kijana na wembe. Nikamunyooshea mukono. Akaonyesha chini. Zingine siandike.

Liévin njo alinieleza, anajifuta machozi ya kucheka: hii salle yote ya bagonjwa ni ya mushipa ya kushuka. Hernie. Kesho banatupasua.

Kukimbia? Abibu hakimbie. Kesho njo Jumatano.

Jumatano, 14

Baridi. Mama Joséphine aliingia na ba-stagiaire. Akamwambia Mounira atie sérum ku ule muzee, anaenda operesheni. Mounira akaniona. Nikamukonyeza. Uso wake ukakuwa ya Amida siku ile nilitaja bibi ya pili.

Hakutetemeka. Kumbe kasirani inakamata mukono! Akafunga lastiki, akapapasa, akachoma. Mara moja tu.

Ile harufu ya alcool ilinirudisha. Salle ya zamani. Amida angali kijana, homa inamuchoma, ma-sœur anakuja na sindano. Amida akashika vidole vyangu, akasema nisiondoke. Sikuondoka mpaka nilimuzika. Machozi ilitoka. Haikukuwa ya sindano.

Brancard, kitanda ya kubebea bagonjwa, ikafika. Mama Joséphine alikuwa hajaandika cote. Nikamufinya Mounira anyamaze mpaka iandikwe. Yeye akasema:

"Mama, huyu ni kambo yangu. Haiko na hernie. Mushipa yenye anasema ni ya mukono."

Liévin akacheka mpaka hernie yake ikamuuma. Mama Joséphine akaangalia sérum inadonoka muzuri.

"Mushipa alikamata ni ya kweli," akasema. "Na kusema ukweli mbele ya kisu, hiyo hatufundishe."

Akaandika. Cote muzuri! Halafu akaagiza banitoe inje na nguo yangu.

Alhamisi, 15

Mounira alinibadilishia bandeji ya pale alinichoma. Mukono yake ni ya Amida kabisa, vidole ndefu. Mwishoni akasema, "Kambo, usirudie tena." Nikaahidi.

Lakini bila miye cote ingetoka wapi? Na stage yenye inafuata ni maternité, kuzalisha bamama. Ile ni ngumu kuliko sérum, atahitaji muntu wa kumusaidia kwa ndani. Nimeanza kufikiri namna gani nitalazwa pale.

Mwenye hasadiki aulize Liévin, kitanda ya ku dirisha. Balimupasua jana. Amuulize polepole, akicheka nyuzi zitakatika.