Mvua Yangu na Mvua ya Noah

Jumatatu, 10 Machi 2025

Nimepewa kipima mvua! Daktari Ajwang wa chuo kikuu amekikaza mwenyewe kwenye nguzo kando ya zizi. Kila asubuhi nasoma milimita, namtumia meseji, naye huko Kericho analinganisha na kile setilaiti imeona kutoka juu. Anataka kujua kama setilaiti inasema ukweli kuhusu mvua ya Siongiroi. Mimi Kipsang, mchungaji wa setilaiti.

Shida ni kwamba hata Noah, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, amepewa. Ijumaa daktari atachagua boma moja la kuweka mtambo mkubwa wa hali ya hewa. Sola, ua wa waya, na kibao chenye jina la mtunzaji. Kibao! Tangu sungura wangu watoroke na kumaliza mboga za sukumawiki za kanisa, Siongiroi nzima inaniita Kipsang wa Sungura. Kibao kitazima hayo.

Jumanne, 11 Machi

Noah milimita kumi na mbili. Mimi nne. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, akipitisha ng'ombe. Mtu akishaitwa Noah, kama yule wa safina, mvua itaenda kwa nani mwingine?

Nimewaza. Nani huweka mtambo wa mvua mahali pasipo mvua? Wazi.

Jumatano, 12 Machi

Nimesaidia kipima. Kikombe kimoja tu cha maji. Thelathini na moja.

Mke wangu Chelimo ameuliza ni mvua gani hiyo, na nguo zake zimelala kwenye kamba na zimekauka. Nikamweleza kwamba mvua za siku hizi ni za sehemu sehemu. Akaangalia kamba, akaangalia kipima pale kando yake, akaingia jikoni.

Jioni, habari kutoka kwa Owino wa duka: Noah anajigamba ametuma arobaini. Arobaini! Na juu ya boma lake niliona jua siku nzima. Kuna watu hawana aibu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetuma hamsini na tano. Daktari akapiga simu kabla sijamaliza chai. Alisema kwa upole kwamba setilaiti haijaona wingu la mvua juu yetu tangu juzi. Hata mvuke wa maji ulioko hewani ni kidogo, na bila mvuke mvua haitoki popote. Akauliza kama kuna ng'ombe anajikuna kwenye nguzo. Nikasema labda setilaiti imezeeka. Akasema kesho atakuja mapema alasiri kuangalia. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, hiyo setilaiti inayopima mvuke hupita saa ngapi. Saa saba na nusu mchana.

Sasa nimeona kosa langu. Nilitoa mvua bila kutoa mvuke. Kazi ya nusu nusu.

Ijumaa, 14 Machi

Mapipa matatu, sufuria mbili kubwa za akina mama wa kanisa, na kuni zote za Chelimo. Yeye alikuwa sokoni, kwa hivyo hakukuwa na upinzani. Kufikia saa sita mvuke ulipanda vizuri, mweupe, moja kwa moja mbinguni.

Sikuwa nimefikiria majirani. Mtu wa Siongiroi akiona sufuria za kanisa kwenye moto haulizi, anabeba kiti. Wa kwanza waliingia wameinamisha vichwa, wakauliza polepole ni nani ametuacha. Waliofuata walisikia ni uchumba wa binti yangu Fancy, wakaingia wakiimba. Owino akaleta majani chai na sukari. Fancy mwenyewe akapiga simu kutoka Kericho kuuliza anaolewa na nani. Nikamwambia ni sayansi. Akakata.

Kisha Noah, amevaa tai, na mtungi wa maziwa begani. Nyuma yake gari la daktari.

Ajwang alitazama mapipa, watu, na anga lisilo na doa. Akaniita kando. Nikamweleza yote, maana uwongo ulikuwa umeniishia. Hakucheka, ingawa aliangalia viatu vyake kwa muda. Kisha akamwita Noah. Alikuwa amepitia kwake kwanza, na kipima chake kilikuwa na maji meupe yenye harufu ya maziwa. Noah alijaza kwa mtungi bila kuusuuza! Mimi angalau nilitumia kikombe safi.

"Setilaiti yangu ya mvua haioni boma," akatuambia. "Inaona kisanduku kimoja cha kilomita kumi kila upande, na nyinyi wawili mko ndani yake. Kule juu, Mzee Kipsang, wewe na Noah ni kitu kimoja."

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Hilo liliingia ndani zaidi. Noah naye alionekana mgonjwa.

Chai ikapikwa, maji yangu na maziwa yake. Daktari akawaambia watu kwamba mtambo hautafuti mahali penye mvua nyingi. Unatafuta mtu anayeweza kutuma sufuri siku ambayo hakuna mvua. Wakati huo huo Chelimo akaingia kutoka sokoni, akauliza nani amemaliza kuni zake. Vidole vyote vikamwelekea yeye mwenyewe, kwamba ndiye mtu wa sufuri, hata cha mke wa Noah.

Jumanne, 22 Aprili

Mtambo uko kwetu. Kibao kinasema CHELIMO. Mimi siruhusiwi kuvuka waya. Alituma sufuri wiki nzima bila haya, kisha mvua ikaja yenyewe, na sasa malisho yamefika magotini.

Leo sokoni nimekutana na mtu wa bima. Malisho yakikauka, mkulima analipwa. Na hakuna mtu anayekuja kukagua: ni setilaiti inaangalia kama chini ni kijani. Setilaiti! Wenzangu walisikiliza kama watu wa kawaida. Mimi nina uzoefu.

Mara ile nilikosea kwa kuongeza maji. Safari hii ni kuficha kijani tu. Mabua makavu ya mwaka jana, yatandazwe juu ya nyasi, basi. Lakini nimekua, siwezi kusahau kile kisanduku cha kilomita kumi. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Kwa hivyo nimevuka kijito nikaongea na Noah, kiungwana. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Tumemaliza pembe moja ya shamba lake. Imebaki kilomita tisa na kitu.