Kigawo cha Bwana Taratibu

Jumatatu, 3 Juni
Fundi Saa kanitangulia tena! Kundi letu zima tunaichambua namba moja, ndefu kama reli, tujue ni namba gani tasa zilizozidishwa zikaizaa. Kila mtu anaiachia kompyuta yake kazi. Yangu inakohoa. Ya Fundi Saa inapaa. Leo katangaza kwenye ukurasa wa kundi kwamba amekaribia. Mke wangu kauliza ikigawanyika tutapata nini. Hajui heshima ni kitu gani.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Bwana Taratibu, mwenzetu mwenye mashine kubwa kuliko zote, tulimzika mwezi uliopita. Mashine si imekaa bure? Nimekwenda kumpa pole mjane wake, mara ya pili. Nikamwambia marehemu aliniahidi. Uongo mtupu, hata salamu tulikuwa hatupeani. Akasema niichukue, ila nisije nikairudisha. Mkarimu sana.

Jumatano, 5 Juni
Haiwaki. Nimeifungua: ndani vumbi, diski imeng'olewa. Kumbe nimepanda ngazi zote zile na sanduku tupu! Kiuno hakifai. Halafu mchana, kwenye ukurasa wa kundi, Bwana Taratibu akaandika kwamba kazi inaendelea. Fundi Saa kaniuliza faraghani kama huo ni utani wangu. Laiti ungekuwa.

Alhamisi, 6 Juni
Feni ya sanduku inazunguka. Waya nimeuchomoa mwenyewe, nimeushika hapa ninapoandika. Mke wangu kabeba mto wake, kaenda kwa dada yake. Nikampigia mjane, nikamweleza yote.

“Kila asubuhi alikuwa akiniita nikaitazame kazi yake,” akasema. “Sikwenda hata siku moja. Basi nenda wewe, shemeji. Anapenda kutazamwa.”

Ijumaa, 7 Juni
Nimetazama. Skrini haijaunganishwa na kitu, lakini tarakimu zilikuwa zinatokea mojamoja, kama mtu anayechapa kwa kidole kimoja. Nikaigawanya namba yetu kwa hicho kilichoandikwa. Hakikubaki kitu! Kigawo chenyewe! Nikakinakili, nikaweka jina langu, nikatuma. Ukurasa ukasema kimegunduliwa na Bwana Taratibu. Nikatuma tena. Bwana Taratibu. Mtu amezikwa na bado anapenda sifa.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi Saa kapiga simu. Kanisihi nilitoe sanduku nje, nifunge mlango, nimfuate mke wangu. Wivu tu huo. Nilipokata simu, skrini ilikuwa imeandika jina langu. Inauliza kama niko tayari kwa namba kubwa zaidi, tuifanye pamoja, hata ikichukua muda wote uliobaki. Nimejibu ndiyo, mradi safari hii jina langu litangulie. Bwana Taratibu kakubali upesi mno. Nadhani ningeweza kudai zaidi. Chumba kimekuwa baridi. Nimemwomba asogee kidogo, maana kiti ni kimoja.