Mbwa Aliyekwisha Kusamehewa

Mwika, Moshi
Alhamisi, Juni 1976

Kwa Bwana Mifugo wa Wilaya,
Moshi Mjini.

YAH: KUOMBA MBWA WANGU KAISARI AONDOLEWE KATIKA AMRI YA KICHAA CHA MBWA, KWA KUWA AMEKWISHA KUSAMEHEWA

Ndugu Bwana Mifugo,

Bwana asifiwe. Sijapata kukuona kwa macho, kwa hiyo sijui kati yetu nani amwamkie mwenzake. Naweka hapa shikamoo moja. Kama umri wako hauifikii, nirudishie kwa posta, nami nitaitika marahaba. Huku hatujambo. Baridi ya mwezi huu imetukaba na ng'ombe amepunguza maziwa, lakini Mungu ni mwema, na nisingekusumbua kama si huyu kijana wako Faustin, mwenye pikipiki.

Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitayapanga malalamiko kwa namba kama tulivyofundishwa. Ukiona namba moja imezidi nyingine kwa urefu, uvumilie, ndivyo moyo ulivyojaa.

1. Tangazo. Lilisomwa kanisani na mzee wa kanisa Ebenezeri, kabla ya Pasaka, katikati ya ndoa na sadaka: mbwa wote waletwe uwanja wa shule Jumamosi wachanjwe. Bwana Mifugo, Jumamosi ni siku ya soko. Mwanamke anayejua kazi yake siku hiyo ana mkungu wa ndizi kichwani, hana mkono wa kukokota mbwa. Hata hivyo nilitii. Nikakuta mbwa wa vijiji vitatu wamepangwa foleni kama watu wanaosubiri sukari. Mbwa wa huku kila mmoja anaishi kihambani kwake, katikati ya migomba, hajui kama duniani kuna mbwa wengi kiasi kile. Walipofahamiana, foleni ikaisha. Likatokea na limbwa moja lisilo na mwenyewe, linatembea mdomo wazi, linauma kushoto na kulia, likamchana Kaisari sikio. Akakata kamba akafika nyumbani kabla yangu, sindano hakuiona. Kwa hiyo pale Faustin alipoandika kwamba mbwa wangu hakuchanjwa "kwa ukaidi wa mwenyewe," naomba pafutwe. Mbwa alihudhuria.

2. Kufunga mbwa mchana kutwa. Mnyororo hauko katika duka la ushirika. Nimeuliza, wakanicheka, wakasema hata kiberiti hakipo. Nikamfunga kwa kamba ya mgomba, akaila. Tena nikueleze jambo ambalo pengine mjini hamlijui. Ng'ombe wangu yuko bandani tangu azaliwe, mimi ndiye ninayemletea majani kichwani, ndivyo tunavyofuga huku mlimani. Mbuzi nao wamo ndani. Sasa na mbwa afungwe. Yaani katika kihamba chote kiumbe kinachoruhusiwa kutembea ni mimi peke yangu, nikiwahudumia wafungwa.

3. Kibati cha namba cha kuvaa shingoni. Kaisari si baiskeli.

4. Sasa ndilo lenyewe. Jumatatu Kaisari alimuuma shemeji yangu Kastori, mdogo wa marehemu mume wangu, kwenye shavu la mguu. Sikatai. Lakini uelewe kwanza nyumba yetu. Mimi na Kastori hatukuwa tumesalimiana tangu tulipomzika mume wangu, kwa sababu ya mpaka. Vihamba vyetu vimetengwa na mstari wa mimea ya masale, na kila masika mstari ule ulikuwa ukisogea upande wangu, kama vile masale yana miguu. Balozi wa nyumba kumi alijaribu kutupatanisha. Ukoo ulikaa. Mchungaji alikuja mara mbili, akala ndizi na nyama mara mbili, akaondoka.

Basi Jumatatu Kastori alikuwa akipita na jembe kwenda kufungulia maji mferejini. Kaisari anamjua tangu alipokuwa kitoto, na mifupa ya kwake ameila sana. Safari hii aliinuka kimya, hata kubweka hakubweka, akamuuma. Nikasema moyoni, Mungu akitaka husema hata kwa mdomo wa mbwa.

Unajua desturi yetu. Aliyekosa hukata jani la isale, hulifunga fundo, humpelekea aliyekosewa, na anayeletewa isale hakatai. Nikakata mawili palepale mpakani. Moja nikalishika, moja nikamvika Kaisari shingoni, kwa kuwa mkosaji ni yeye, nikamwongoza mpaka kwa Kastori. Nilimkuta amekaa uani, mguu umefungwa kitambaa, mkewe Salvina amesimama nyuma yake na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Akalitazama isale, akamtazama mbwa, halafu akasema, "Mama Yoramu, mbwa wako ni mtu kuliko mimi. Miaka yote hii nilitakiwa kukuletea hili, nikaona aibu."

Akalipokea. Bwana Mifugo, mwanaume yule alilia, nami nikalia, na Salvina akaimwaga nusu ya mbege. Iliyobaki niliionja, kwa ajili ya amani tu. Jumanne alfajiri Kastori akang'oa mstari wote, akaurudisha pale kaka yake alipoupanda, huku anachechemea. Kazi iliyowashinda ukoo, balozi na kanisa, mbwa aliimaliza kwa meno.

5. Jana ndipo Faustin akafika. Akasema Kaisari afungwe kwa siku kumi akitazamwa, na kwa jinsi anavyomwona, afadhali auawe mara moja. Na Kastori ateremke hospitali akachomwe sindano kumi na nne za tumbo. Kastori akakataa. Alisema, "Nikienda kuchomwa, mkono huu nimepokea isale, na mkono huu nimemshtaki shemeji yangu." Nikamuunga mkono, maana siku mbili tu nimepata ndugu, sikutaka kumpoteza kwa sababu ya sindano. Faustin, ambaye mama yake Dafroza naimba naye kwaya, na ambaye nilikuwapo alipobatizwa akipiga kelele kama nguruwe, akaniambia usoni:

"Mama, kichaa cha mbwa hakijui msamaha."

Niko kanisani tangu utotoni. Dhambi isiyosamehewa nimefundishwa ni moja tu, kumkufuru Roho Mtakatifu, na mbwa hawezi kuitenda, kwa kuwa haongei. Sasa idara yako imeongeza ya pili lini, na kikao kipi kiliipitisha?

Kijana wako anadai eti Kaisari ana dalili. Dalili gani? Tangu Jumatatu hali chakula. Anakaa peke yake gizani nyuma ya migomba. Maji nikimwekea anayakimbia. Sauti imekauka kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Mtu yeyote mwenye Roho atakwambia huyo si mgonjwa, huyo anatubu. Tunao wazee wa kanisa ambao hawajapata kutubu hivyo hata siku ya Ijumaa Kuu.

6. Maandiko. Nuhu aliingiza mbwa wawili safinani, wakakaa na watu na kuku siku zote zile za gharika, na hatusomi kwamba alidai cheti. Lazaro maskini alilambwa vidonda na mbwa wa barabarani, na alipokufa alipelekwa na malaika, si na kichaa cha mbwa. Sisemi kwamba umemzidi Nuhu kwa ukali. Nauliza tu.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Kaisari aandikwe katika kitabu chako kuwa amesamehewa, jambo ambalo ni kubwa kuliko kuchanjwa, kwa kuwa chanjo hurudiwa kila mwaka. Pili, serikali ione kama haiwezi kuokoa fedha za kigeni kwa kuacha kuagiza dawa hizo na kutumia isale, ambalo linaota hapa hapa, ni la kujitegemea kabisa, na mimi nitalitoa bure kwa wilaya nzima, maana mpaka wangu sasa umenyooka na masale yamebaki. Mbwa akiuma mtu Uru au Shirimatunda, tumeni mtu, nitamfungia fundo. Tatu, mpande isale mlangoni mwa ofisi. Nne, hili nalisema kwa upole, Faustin aje na isale kwa Kaisari. Amemwita kichaa mbele ya majirani, na mbwa wa umri ule ana heshima yake.

Nisimalize bila salamu. Msalimie mama watoto na watoto, makarani wote, na yule anayepika chai. Dafroza akija mjini umwambie mazoezi ya kwaya ni Ijumaa. Mimi ni wako katika kujenga taifa, na katika kufunga mbwa panapopatikana kamba,

Priska (Mama Yoramu).

Nyongeza. Ijumaa asubuhi. Bahasha nilikuwa sijaifunga. Nimempelekea Kaisari uji, akaruka kutoka gizani akaniuma mkono wa kulia. Hakunijua, Bwana Mifugo. Mimi niliyemlea kwa maziwa ya kijiko. Povu linamtoka mdomoni na macho si yake. Tumemfungia banda la mbuzi, mbuzi nimewahamishia jikoni, na Salvina amenisugua kidonda kwa sabuni mpaka nikapiga kelele.

Nikakaa chini nikafikiri. Mwenye mbwa ni mimi, aliyeumwa ni mimi. Hakuna wa kuleta isale wala wa kulipokea, na mkono unaniwaka. Nikaenda kwa Kastori nikamwambia, "Shemeji, vaa viatu." Akaniuliza, na isale je? Nikamwambia isale libaki linalinda mpaka, sisi twende hospitali. Alinitazama mkono, akaenda kutafuta viatu.

Namba ya kwanza mpaka ya saba uzifute. Ya tatu unaweza kuiacha. Mkono ulioandika hapa ni wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala. Tunateremka na basi la kwanza, barua nitaileta mwenyewe, lakini usiniweke kwenye benchi kusubiri majibu, nina foleni nyingine. Mtume Faustin leo leo, aje na bunduki, na asifungue banda kabla ya watoto kuondolewa uani. Na hao wa hospitali uwapigie simu, waandae sindano za watu wawili wa ukoo mmoja, wanaosalimiana.